Kufunga BIOS ya kompyuta ya kazi nzito: nini kitangulie, nini kiwe mwisho

Ofisi nyingi za Arusha na Moshi zinategemea kompyuta moja au mbili zenye nguvu kuliko nyingine zote: ya mchora ramani, ya mhariri wa video, ya mhasibu, au ile ya kampuni ya utalii inayotunza nakala za pasipoti za wageni. Mara nyingi ni Dell Precision, HP Z au Lenovo ThinkStation iliyokuja kwa mtumba. Windows yake ina nywila na kinga ya virusi ipo. Hata hivyo, mtu mwenye flashi na dakika tano anaweza kuiwasha kwa mfumo wake mwenyewe na kuchota kilichomo kwenye diski bila kuigusa Windows. Njia hiyo huzibwa kwenye programu dhibiti inayoamsha mashine kabla ya Windows, ile ambayo mafundi wetu wanaendelea kuiita BIOS ingawa siku hizi ni UEFI.

Kazi yenyewe ni ya nusu siku. Kinachowaponza watu ni kuanza na lililopaswa kuwa la mwisho. Ukigusa TPM (chipu inayotunza funguo) kabla ya kuchapa ufunguo wa uokoaji wa BitLocker (kufuli la diski la Windows), ukiwasha Secure Boot (kinga inayokataa kuanzisha mfumo usio na saini inayokubalika) kabla ya kugeuza diski, au ukiweka nywila ya BIOS kabla hujajua kama betri ya mazabodi ni nzima, unaweza kujifungia nje kwa mikono yako mwenyewe. Anza na ufunguo huo wa uokoaji, kisha umeme na betri, kisha toleo jipya la BIOS, ndipo uingie kwenye mipangilio. Nywila iwe ya mwisho kabisa.

Dukani, kabla ya kulipa

Kama mashine bado hujainunua, nusu ya kazi unaifanyia palepale kaunta. Sema wazi: "Kaka, naomba uiwashe niingie BIOS kabla hatujaongea bei." Muuzaji mwaminifu hatakataa. Kwenye Dell gusagusa F2 tangu swichi inapobonyezwa, kwenye HP F10, kwenye Lenovo F1. Usisubiri nembo itokee, maana skrini nyingine huchelewa kuwaka na nafasi inapita.

Ikikudai nywila na muuzaji haijui, iache. Utaambiwa na mtu kwamba kutoa betri kutaifuta, na kwenye mashine za zamani ilikuwa kweli. Kwenye nyingi za sasa nywila ya msimamizi huhifadhiwa kwenye chipu isiyohitaji betri, hivyo unaweza kuiacha bila betri wiki nzima na nywila ikabaki palepale.

Ukishaingia, tafuta kwenye ukurasa wa Security neno Computrace au Absolute. Hii ni programu ya kufuatilia mashine iliyoibwa, na makampuni ya Ulaya na Marekani huiwasha. Ikisomeka Activated au Active, kuna kampuni ambayo bado inaihesabu mashine hiyo kuwa mali yake. Ikisomeka Disabled au Deactivated, hapo hakuna tatizo. Dalili nyingine haionekani kwenye BIOS: ukiweka Windows mpya na kuunganisha intaneti, ikakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kutaka barua pepe ya kampuni hiyo, mashine haijaondolewa kwenye usajili wa mmiliki wa kwanza. Kufomati hakutasaidia, maana usajili umefungwa na namba za vifaa vyenyewe. Mrudishie muuzaji.

Angalia pia kichakataji. Windows 10 ilifika mwisho wa matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 pamoja na kichakataji kilichomo kwenye orodha yake. Kwa Intel Core, orodha huanzia kizazi cha 8. Xeon E5 za v3 na v4, ambazo zimejaa madukani kwa sababu zina nguvu na bei yake ni nafuu, hazimo. Ukiinunua hiyo, panga tangu mwanzo kuitumia na Linux.

Ufunguo wa uokoaji kwanza

BitLocker huangalia hali ya BIOS kila mashine inapowaka. Ukibadilisha toleo, Secure Boot au mpangilio wa kuwasha, inaweza kuona mashine imegeuka na kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Wasioujua wakati huo ndio wanaopoteza kazi za miaka.

Usidhani haikuhusu kwa sababu hukuwahi kuiwasha. Windows 11 iliyowekwa upya na kuingizwa akaunti ya Microsoft mara nyingi huifunga diski kwa BitLocker kimyakimya, na ufunguo huenda kwenye akaunti iliyotumika siku ile. Hapa pana mtego mkubwa: kama fundi aliyeweka Windows alitumia barua pepe yake ili amalize haraka, ufunguo wa data ya ofisi yako uko kwake.

Fungua Command Prompt kwa kuchagua Run as administrator, uandike:

manage-bde -status

Ikionyesha C: imefungwa, andika:

manage-bde -protectors -get C:

Utaona mstari wa Numerical Password, na tarakimu 48 zikiwa zimegawanywa kwa mafungu manane ya sita sita. Zichape kwa printa au ziandike kwa mkono, kisha mtu wa pili azisome upya tarakimu kwa tarakimu. Picha ya simu peke yake haitoshi, na faili iliyohifadhiwa kwenye diski hiyohiyo haina maana yoyote. Baada ya hapo simamisha ulinzi kwa muda:

manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0

Sifuri ina maana ulinzi utabaki umesimama hadi utakapourudisha mwenyewe, hivyo unaweza kuzima na kuwasha mara nyingi utakavyo wakati wa kazi. Katika kipindi hicho diski ni kama haina kufuli, kwa hiyo maliza siku hiyohiyo.

Nakili data muhimu kwenye diski ya nje. Halafu ingia BIOS na upige picha kila ukurasa kabla ya kubadilisha chochote, hasa mstari wa SATA Operation au Storage, unaoeleza jinsi diski inavyosomwa, AHCI au RAID. Kama Windows iliwekwa ukiwa AHCI na BIOS ikarudi RAID, au kinyume chake, Windows itagoma kwa skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Diski haijafa wala haihitaji kufomatiwa. Rudisha mstari ule ulivyokuwa, itawaka.

Betri na umeme

Betri ya mazabodi ni CR2032 ya volti 3. Inapatikana kwa mafundi saa na kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Mashine ya mtumba imekaa kontena, bohari na dukani bila umeme, na betri imekuwa ikiliwa muda wote huo. Dalili ni tarehe kurudi nyuma miaka kadhaa kila umeme ukikatika, au mipangilio kurudi ya kiwandani. Ipime kwa multimita: mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo, na ikiwa chini ya 2.8 ibadilishe bila kujadili.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza swichi ya kuwashia sekunde kumi ili mabaki ya umeme yaishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa mazabodi. Kiangazi vumbi la Moshi na Arusha hujaa ndani, kwa hiyo lipulize hapohapo, ukiwa umeshikilia feni zisizunguke. Upande wenye alama ya kujumlisha unaangalia juu. Mashine nyingine zikiwashwa tena zitakuambia kifuniko kilifunguliwa. Huo si ugonjwa, ni kengele yake inafanya kazi.

Sasa UPS. Usiiamini kwa kuangalia taa yake. Iwashe kompyuta ukae kwenye ukurasa wa BIOS, si ndani ya Windows, kisha chomoa UPS ukutani na uhesabu dakika kumi. Kompyuta ikizimika kabla ya hapo, betri ya UPS imechoka na kazi inasubiri hadi upate nyingine. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hiyo hata kidogo, kwa sababu ikianza kupasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Na kama mawingu ya masika yamefunga juu ya Meru au Kilimanjaro na taa zimeshaanza kucheza, sogeza kazi hadi kesho. Hakuna BIOS ya kuharakishwa kiasi hicho.

Toleo jipya la BIOS

Toleo jipya linatangulia mipangilio kwa sababu mbili. Kwanza, mashimo mengi yanazibwa huko tu. Mwaka 2023 watafiti wa kampuni ya usalama ya Binarly walionyesha kundi la dosari walizoziita LogoFAIL, ambapo picha ya nembo inayotokea wakati wa kuwasha inaweza kubeba msimbo wa mshambuliaji kabla ya Secure Boot kusema lolote. Mwaka uliofuata wakafichua PKfail: mashine zilizotoka kiwandani zikiwa na ufunguo mkuu wa majaribio, ulioandikwa wazi kwamba usiaminiwe. Pili, kusasisha kunaweza kurudisha baadhi ya mipangilio ya kiwandani, na utakuwa umefanya kazi mara mbili.

Faili ichukuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji peke yake, kwa namba ya mashine iliyobandikwa kwenye kasha. Usichukue kwa jina la modeli tu, maana modeli zinafanana. Nakili kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32. Dell: washa huku ukigusa F12, chagua BIOS Flash Update, onyesha faili. HP: ingia F10, ukurasa wa Main, Update System BIOS. Lenovo hutoa programu ya kuendeshea ndani ya Windows au faili ya kutengenezea flashi. Kwenye Linux ya Ubuntu tumia fwupdmgr refresh kisha fwupdmgr update, kama modeli yako inahudumiwa.

Zoezi lenyewe ni dakika tano hadi kumi na tano. Feni zitanguruma, skrini itakuwa nyeusi, mashine itajizima na kujiwasha hata mara tatu. Mikono mbali. Wengi wanaoua mazabodi huwa wamebonyeza swichi katika dakika hizo nyeusi wakidhani imekwama. Kama umeme umekatika kweli na mashine haiwaki, usikate tamaa mara moja: Dell nyingi za karibuni zina njia ya uokoaji. Chomoa waya, shikilia Ctrl na Esc kwa pamoja, chomeka waya huku umeshikilia, subiri ukurasa wa BIOS Recovery.

Ukimaliza, zima ruhusa ya kurudi toleo la nyuma, kwa kawaida mstari wenye neno Downgrade. Bila hivyo mtu anaweza kurudisha toleo lenye mashimo na kuingia kwa njia ya zamani.

UEFI na Secure Boot

Ndani ya Windows andika msinfo32. BIOS Mode ikisomeka UEFI, ruka aya inayofuata.

Ikisomeka Legacy, diski iko katika mtindo wa zamani wa MBR badala ya GPT, na Secure Boot haiwezekani. Ijaribu kwanza bila kubadilisha kitu: mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikataa, sababu ya kawaida ni patisheni nyingi, kwa kuwa diski haitakiwi kuwa na zaidi ya tatu za msingi. Ikikubali, na nakala ya akiba unayo, andika mbr2gpt /convert /allowFullOS, zima, ingia BIOS, badilisha Legacy kuwa UEFI. Usiiwashe Windows katikati ya hatua hizo mbili ukitarajia iwake kwa njia ya zamani, haitawaka.

Kisha zima CSM au Legacy Option ROMs, yaani uwezo wa kuwasha kwa njia ya zamani. Hapa kuna ajali inayowatisha wengi: skrini inabaki nyeusi kabisa. Kadi nyingi za picha za kabla ya mwaka 2012 hivi hazina programu ya UEFI ndani yake, na CSM ikizimwa hazitoi picha. Kama kichakataji chenyewe kinaweza kutoa picha, toa kadi, chomeka skrini kwenye mazabodi, rudisha CSM. Xeon E5 hazina picha za ndani, kwa hiyo azima kadi ya karibuni zaidi kabla hujaanza, si baada ya giza kuingia.

Sasa washa Secure Boot. Kwenye Dell kuna hali mbili, Audit na Deployed. Unayoitaka ni Deployed, kwa sababu Audit huangalia tu bila kuzuia. Funguo ziwe za kiwandani, Factory au Standard. Kwa maneno mafupi, PK ni ufunguo mkuu wa mwenye mashine, KEK ni wa wanaoruhusiwa kubadilisha orodha, db ni orodha ya saini zinazokubaliwa na dbx ni ya zilizopigwa marufuku. Usiziguse moja moja kama hujui kwa nini unazigusa.

Rudi Windows, fungua PowerShell kwa Run as administrator. Confirm-SecureBootUEFI ijibu True. Kisha angalia kama mashine ina kasoro ya PKfail:

[System.Text.Encoding]::ASCII.GetString((Get-SecureBootUEFI PK).bytes) -match "DO NOT TRUST|DO NOT SHIP"

Jibu unalolitaka ni False. Likija True, ufunguo mkuu wa mashine hiyo ni ule wa majaribio, na dawa ni toleo jipya la BIOS kutoka kwa mtengenezaji. Kama halipo, usiitumie mashine hiyo kwa taarifa nyeti.

Jambo lingine limewakuta hata wazoefu bila taarifa. Vyeti vya Microsoft vilivyomo kwenye BIOS nyingi ni vya mwaka 2011, na muda wake una mwisho: viwili Juni 2026, na kile cha Windows yenyewe Oktoba 2026. Badala yake ni vya 2023. Mashine yenye vya zamani haizimiki siku hiyo, inaendelea kuwaka, ila inaacha kupokea kinga mpya za sehemu ya kuanzisha Windows. Pima:

[System.Text.Encoding]::ASCII.GetString((Get-SecureBootUEFI db).bytes) -match "Windows UEFI CA 2023"

True ni sawa. False ina maana usasishe BIOS na Windows hadi ibadilike. Na mashine ikishahamia kwenye vyeti vya 2023, usibonyeze tena kurejesha funguo za kiwandani kwenye BIOS ya zamani. Utarudisha vile vya 2011, ambavyo havimtambui kianzishi kipya cha Windows, na mashine itakataa kuwaka. Ikitokea, chukua kompyuta nyingine ya Windows iliyosasishwa, nakili faili ya C:\Windows\Boot\EFI\SecureBootRecovery.efi kwenye flashi ya FAT32, iweke kwenye folda \EFI\BOOT\ kwa jina bootx64.efi, kisha washa mashine iliyogoma kwa flashi hiyo. Itaongeza cheti kinachokosekana.

Wanaotumia Ubuntu waangalie kwa mokutil --sb-state. Kwenye baadhi ya mashine, Lenovo hasa, lazima uruhusu mstari wa Allow Microsoft 3rd Party UEFI CA, vinginevyo Linux haitawaka. Na draiva ya NVIDIA mara nyingi inataka saini ya ziada: unapoiweka unaombwa nywila ya muda, na mashine ikiwaka upya hutokea skrini ya bluu ya MOK, ya kuandikisha ufunguo wa saini hiyo. Chagua Enroll MOK, Continue, Yes, weka nywila ile. Skrini hiyo hukaa sekunde chache tu. Ukiwa umeenda kunywa chai itapita, na nvidia-smi itakuambia haioni draiva. Rudia kwa sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der.

TPM na PIN

TPM iwe imewashwa. Majina hutofautiana: TPM 2.0 Security kwenye Dell, Intel PTT au AMD fTPM pengine. Karibu yake kuna neno Clear. Usiliguse kwenye mashine inayotumika, maana linafuta funguo zote, na bila zile tarakimu 48 data imekwenda.

Kwa mashine yenye pasipoti za wageni, faili za wagonjwa au mishahara, TPM peke yake naiona haitoshi. Mwizi akiibeba yote, itajifungua yenyewe hadi kwenye ukurasa wa Windows, na kwenye mashine zenye TPM ya chipu tofauti, ufunguo unaweza kusikilizwa ukipita kwenye nyaya za mazabodi. Ongeza PIN. Kwenye Windows Pro fungua gpedit.msc, nenda Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, BitLocker Drive Encryption, Operating System Drives, washa Require additional authentication at startup. Kisha:

manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN

Tarakimu zianzie sita. Usumbufu wake ni kwamba mashine haitajiwasha hadi Windows bila mtu kuwepo. Kwa ofisi inayoingia kwa mbali usiku hilo ni zito na litafakariwe. Kwa wengine wote usumbufu ni mdogo ukilinganisha na kinachotunzwa. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na pasipoti ya mgeni ni taarifa ya mtu.

Milango midogo

Kwenye Boot Sequence acha Windows Boot Manager au ubuntu peke yake. Toa USB na mtandao. HP ina mstari wa kudai nywila mtu akibonyeza F9 au F12, uwashe. Washa VT-d, au AMD-Vi kwa AMD, inayozuia kifaa cha nje kusoma kumbukumbu ya mashine moja kwa moja, kisha msinfo32 ionyeshe Kernel DMA Protection ni On, kama mashine ina tundu la Thunderbolt. Chassis Intrusion iwe On. Kasha lifungwe kwa kufuli, kwa sababu ndani kuna jampa ya kufuta nywila, na kwenye Precision nyingi imeandikwa PSWD waziwazi.

Usisahau Intel AMT. Mashine zenye nembo ya Intel vPro zina njia ya kuendeshwa kwa mbali inayofanya kazi chini ya Windows, na nywila yake ya kiwandani ni neno admin. Mwaka 2018 kampuni ya usalama ya F-Secure walionyesha kwamba mtu aliyekaa mbele ya mashine anaweza kubonyeza Ctrl na P wakati wa kuwasha na kuingia huko hata kama BIOS ina nywila. Ingia mwenyewe, weka nywila mpya yenye herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama, au zima kabisa kipengele hicho kama hukitumii.

AC Recovery si ya ulinzi moja kwa moja, lakini kwa umeme wetu iwe Power Off. Umeme ukirudi kwa kishindo ni bora mashine ikae imezima hadi mtu aiwashe.

Nywila, mwisho kabisa

Kuna tatu na watu huzichanganya. Ya msimamizi, Admin au Supervisor, inalinda ukurasa wa mipangilio; hii ni lazima. Ya kuwasha, System au Power-on, hudaiwa kila asubuhi; kama umeshaweka PIN ya BitLocker, inajirudia tu. Ya diski, HDD Password, usiiweke: ikisahaulika diski haifunguki, na BitLocker imeshafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Tumia herufi na tarakimu, kuanzia kumi na mbili, bila alama. BIOS husoma kibodi kwa mpangilio wa Kimarekani, na kwenye kibodi ya Kiingereza cha Uingereza, zinazokuja nyingi kwa mtumba, alama ya @ iko pengine. Unaandika unachokiona, BIOS inapokea kingine, na hakuna anayekuonyesha. Hifadhi, zima, washa, ingia tena kwa nywila hiyo mara mbili kabla ya kuinuka kwenye kiti.

Dell wana mstari wa Master Password Lockout. Ukiuwasha, hata mtengenezaji hataweza kukusaidia ukisahau. Kwa ofisi ndogo uache umezimwa.

Andika karatasi mbili: namba ya mashine, toleo la BIOS, tarehe, nywila ya msimamizi, nywila ya AMT, tarakimu 48. Zifunge kwenye bahasha, moja sefu ya ofisi, nyingine nje ya jengo hilo mikononi mwa mwenye ofisi. Fundi anaweza kuzijua, lakini asiwe mtu pekee anayezijua, na mkataba wake ukiisha zibadilishwe siku hiyo. Heshima yake haipungui kwa hilo, naye analindwa pia asije akashukiwa baadaye.

Rudisha BitLocker: manage-bde -protectors -enable C: kisha -status ithibitishe Protection On. Jaribu kuwasha kwa flashi ya Linux. Ikatae au idai nywila. Chomoa umeme dakika kumi, washa, angalia tarehe. Kagua hivyo tena kila baada ya masika na kila BIOS inaposasishwa.

Siku mashine itakapouzwa, fungua ulichofunga. Toa nywila zote, fanya Clear ya TPM baada ya kufuta diski, iondoe kwenye akaunti ya Microsoft na usajili wowote wa ofisi. Kisha ingia BIOS mbele ya mnunuzi na umwache apitie kurasa mwenyewe, kama ulivyoomba wewe siku ya kuinunua.